Nafasi ya Mtu Mmoja

Mwanza tuna mtaa uliopewa jina la taa. Makoroboi, pale katikati ya mji, wengi wa leo wanapajua kwa nguo zilizotandazwa chini na bei za maelewano, lakini jina lilitoka kwa mafundi bati waliokuwa wakigeuza makopo kuwa koroboi. Kopo tupu la maziwa, mkasi wa bati, kipande kilichokunjwa kuwa mrija mwembamba, lehemu, utambi wa kitambaa cha pamba. Ukitia mafuta ya taa, giza limekwisha. Utaamka na pua nyeusi kwa moshi, sikatai, lakini wako waliosoma kwa taa hiyo hadi chuo.

Nikiwa darasa la nne nilikuwa nikitoka shule napita pale makusudi. Sikuwa na cha kununua. Mzee mmoja aliyefanyia kazi kwenye kivuli cha jiwe aliniona mara tatu, ya nne akaniambia, "Ng'wanawane, mbona umesimama juani? Kaa hapa, unishikie hili." Hakuniuliza mimi mtoto wa nani. Nikaushika mrija, yeye akachoma lehemu, mkono wangu ukatetemeka, mrija ukakaa upande. Akautazama. "Huu nao utawaka," akasema, akaiweka ile koroboi kwenye fungu pamoja na nyingine.

Namkumbuka leo kwa sababu ya watu wengine kabisa, waandishi wa programu za kompyuta, ambao nina deni la shukrani kwao na sijalilipa.

Kiswahili hakijawatendea haki watu hao. Magazeti huwaita wadukuzi, na kudukua ni kusikiliza ya watu kwa siri. Basi mtu akisikia kuna mkutano wa wadukuzi, anaushika mfuko wenye simu. Ukijaribu kulitohoa neno lao wenyewe, hacker, ukasema haka, wingi wake unakuwa wahaka, na huo ni mashaka ya moyo. Hata kazi yao ina balaa lake: nilipomwambia mama kwamba siku hizi naandika kodi, aliwatangazia majirani kuwa nimeajiriwa TRA kukusanya kodi. Mimi nimeamua kuwaita mafundi. Ndivyo walivyokuwa tangu mwanzo. Miaka ya 1950, katika chuo cha MIT huko Marekani, wanafunzi wa klabu ya treni za kuchezea walijaza chini ya meza yao vifaa vya simu vilivyokwisha kutumika, wakaunga waya juu ya waya hadi treni zikatii. Usiku kucha, bila malipo. Wizi wa nywila ulikuja baadaye.

Mimi nilijifunza kuandika programu hapa hapa Mwanza, kwa kuungaunga. Nilianza na darasa moja la kulipia, ambako siku ya pili niliuliza swali, na mwalimu akalirudia kwa sauti ya kuniigiza ili wenzangu wacheke. Wakacheka. Tangu siku hiyo nikawa hodari wa kuitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nao ni ujuzi, ila ulinigharimu miaka.

Novemba 2023 mkutano wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar, katika Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA. Nilipanda basi Nyegezi, nikapita Shinyanga, Singida, Dodoma, nikalala Dar es Salaam, asubuhi nikapanda boti. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kuitikia kwa kichwa.

Django yenyewe ni programu ya kujengea tovuti. Ilianza mwaka 2003 katika ofisi za gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, mikononi mwa Adrian Holovaty na Simon Willison, maana kwenye gazeti kila kitu kinatakiwa kabla ya jioni. Mwaka 2005 ikatolewa bure kwa yeyote anayeitaka. Jina ni la Django Reinhardt, mpiga gitaa ambaye moto wa mwaka 1928 uliuharibu mkono wake wa kushoto, akabaki na vidole viwili vya kutegemea kwenye nyuzi, na kwa hivyo viwili akajijengea mtindo wake mwenyewe. Mzee wangu wa Makoroboi angemwelewa.

Mapumziko ya kwanza ya chai nilisimama ukutani na kikombe, nikiitazama simu isiyo na ujumbe. Karibu yangu watu watano walikuwa wanabishana. Dada mmoja akasogea nusu hatua kando, bila kuyakatiza maneno yake, na duara lao likapata pengo upande wangu. Hakuniita. Pengo likabaki pale pale, likiningoja. Nikaingia.

Baadaye nikaambiwa kwamba jambo lile lina jina, kanuni ya Pac-Man, na aliyeieneza ni Eric Holscher: mkisimama kikundi, acheni nafasi ya mtu mmoja, duara lenu lifanane na yule kiumbe wa mchezo wa kompyuta aliyeachama, na akiingia mtu, sogeeni tena, lipatikane pengo jingine. Nilicheka. Kanuni ya nini? Kanda ya Ziwa ukikuta watu wanakula, unanawa mikono.

Usiku, kitandani, kicheko kikakatika. Ukarimu wa chakula tunao, hakuna wa kutufundisha. Wa ujuzi je? Mafundi simu wangapi hukupa mgongo wanapoifungua simu yako, usione wanachogusa? Wachezaji wetu wa ngoma, Bagika na Bagalu, wanaposhindana kwenye sikukuu ya Bulabo, pale Bujora mwezi Juni, kila kundi lina dawa zake za kuvuta umati, na hakuna anayemwonyesha mwenzake mzizi. Siwalaumu, ushindani huo umetupa ngoma za kutetemesha ardhi. Lakini ugali ukigawanywa hupungua, na bado tunaugawa. Ujuzi haupungui, na ndio tunaoufungia kabatini.

Siku za mwisho za mkutano hazikuwa na hotuba. Watu huketi na kompyuta zao kuikarabati programu yenyewe, wageni bega kwa bega na wazoefu. Bwana mmoja, ambaye jina lake nilikuwa naliona mtandaoni tangu naanza, akaja akaketi sakafuni karibu na kiti changu, maana viti vilikuwa vimekwisha. Nikamwuliza lile lile swali la darasani, lile la kuchekwa. Sijui lilinitokaje. Akakitazama kioo kwa muda mrefu. "Hata mimi sijui," akasema. "Tutazame pamoja."

Tulitazama saa nzima. Katika ufundi huu kukiri vile ni sehemu ya kazi, kama lehemu ilivyo sehemu ya taa. Programu ya watu wengi haikai kichwani mwa mtu mmoja. Anayejifanya anajua huziba tundu kwa mate: hung'aa kidogo, kisha mafuta yanavuja. Fundi akisema hajui, kosa linaonekana, na likionekana atapatikana wa kulitengeneza. Kwa hiyo siwezi kuuita urafiki wao pambo la mkutano. Uondoe, uone kama programu itadumu.

Si mikutano yote iliyo hivyo. Ipo ya majigambo, ambako mwanamke akiuliza hudhaniwa amekuja kumsindikiza mtu. Hata ule wa Zanzibar ulikuwa na kanuni za mwenendo zilizoandikwa, na kanuni haziandikwi pasipo na kidonda. Nawashukuru waliokaa wakaziandika, na waliowachangia nauli wasio na nauli.

Katika kusoma maelezo ya programu nikakuta neno limekosewa herufi. Yule bwana akanionyesha njia ya kutuma rekebisho, akaniacha nitume kwa vidole vyangu. Lilipopokelewa, meza nzima ikapiga makofi kama nimevua sangara wa kilo 40. Herufi moja!

Nimerudi nyumbani. Usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, ziwa mbele ya Igombe huwa mji wa pili kwa taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai za kupampu. Sasa nyingi ni balbu za LED zinazotumia betri, na vijana wa ufukweni ndio huziunga. Mmoja wao, jirani yangu, ana namna yake ya kuzifunga maji yasiingie, na alinificha mwaka mzima. Nikaanza mimi kumwonyesha programu yangu ya kuandikia mauzo ya dagaa, hasa pale nilipokosea na pale nilipokwama. Wiki ya tatu akavuta kigoda, akatoa mfukoni kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. "Siri yenyewe hii," akasema, akiona aibu kidogo kwamba ni ndogo hivyo.

Yule dada aliyesogea nusu hatua sikumwuliza jina, na sidhani kama anakumbuka. Wewe msomaji unayekwenda kwenye mikutano hii, ukimwona mtu wa namna hiyo, mpe ahsante ya Mwanza: wabeja sana. Na yule wa sakafuni mwambie herufi yetu bado imo.