Fielder si Probox: hesabu ya mgongo wa gari la familia

Tukiteremka Kitonga tulianza kusikia harufu, na haikuwa ya ndizi tulizopakia nyuma. Ilikuwa harufu kavu ya pedi za breki zilizozidiwa na joto. Kona mbili mbele, pedali ikazama kuliko kawaida yake. Nikarudisha gia, nikalitambaza gari hadi Ruaha Mbuyuni, nikaegesha kivulini. Mkia ulikuwa umelala kama kuku anayeatamia. Ndani ya tao la gurudumu la nyuma, tairi ilikuwa imekwangua plastiki mpaka ikang'aa.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla Fielder, toleo la E140 lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2006: injini ya 1NZ-FE yenye cc 1,496, giaboksi ya CVT, viti vitano na buti ndefu. Tulikuwa tunatoka Tukuyu kwa mama mkwe kurudi Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 900. Hakuna kilichovunjika siku ile. Tulipumzika hadi breki zikapoa, tukapanga mzigo upya, tukaendelea mdogo mdogo. Lakini swali lilibaki. Gari lilikuwa limetoka kuhudumiwa wiki moja kabla: oili mpya, filta mpya, pedi bado nene. Lilizidiwaje?

Karatasi ilikuwa imeshasema

Jibu lilikuwa kabatini, kwenye bahasha ya nyaraka za uagizaji. Kila gari lililotumika Japani huja na cheti cha kusafirisha nje ambacho wengi wetu tunakitazama mara moja tu, kuhakiki mwaka na namba ya chesisi. Cheti hicho kina namba mbili nyingine muhimu: uzito wa gari na uzito wa jumla. Cheti changu kilisema kilo 1,160 na kilo 1,435. Tofauti yake ni 275.

Hizo 275 hazikuokotwa. Katika usajili wa Japani kila kiti huhesabiwa kilo 55. Viti vitano mara 55 ni 275. Petroli imo tayari kwenye uzito wa gari, lakini gunia halimo. Kwa karatasi, gari la abiria linabeba watu, tena watu wepesi.

Nikachukua mizani ya bafuni na daftari. Mimi kilo 82, mke wangu 68, watoto watatu 54, 36 na 24. Jumla 264. Yaani kabla ya kufunga hata begi moja, zilibaki kilo 11. Halafu siku ile tulipakia mchele wa Kyela kilo 100, mikungu mitatu ya ndizi kama kilo 75, viazi 40 na mabegi 45. Hiyo ni 260 nyingine. Watu na mzigo kwa pamoja: kilo 524.

Ni kweli, wahandisi huacha nafasi juu ya namba ya usajili. Gari haliporomoki kwenye kilo ya 276. Lakini nafasi hiyo ni akiba ya dharura, kama maji ya mwisho kwenye pipa. Sisi tulikuwa tumeinywa yote na kuendelea kukung'uta pipa.

Waliotangulia walifanyaje

Linganisha na Probox. Ilitoka mwaka 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo, na injini ya 1NZ-FE ipo humo pia. Ukiziona zimeegeshwa pamoja unaweza kudhani ni ndugu wa tumbo moja, mmoja kavaa suti na mwingine ovaroli. Lakini Probox ya mizigo inaruhusiwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, au kilo 250 ikiwa na watu watano. Piga hesabu ile ile ya kilo 55 kwa mtu: watano ni 275, ongeza 250, unapata 525.

Sisi tulikuwa na 524. Tulikuwa tumeigeuza Fielder kuwa Probox bila kuipa mgongo wa Probox.

Maana mgongo ndio tofauti. Nyuma ya Probox ya mizigo kuna ekseli nzima, bomba moja linalounganisha magurudumu mawili, limeshikwa na mikono minne pamoja na fimbo ya kulizuia lisiyumbe kando, na juu yake springi zilizochaguliwa kwa mzigo. Tairi zake ni za mzigo pia. Kiti cha nyuma ni chembamba na kimesimama wima kwa sababu sakafu imepewa magunia kwanza, makalio baadaye. Fielder ina boriti inayojinyonga katikati ya magurudumu ya nyuma, mpango mwepesi, wa bei nafuu na mtulivu barabarani, uliotungwa kwa familia ya Kijapani na mabegi yake ya wikiendi.

Kabla ya Toyota, Peugeot walikwishalionyesha hili. Saluni ya 504 ya mwaka 1968 ilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja na springi yake. Walipotoa stesheni wagoni yake hawakurefusha paa na kusema kazi imekwisha. Waliongeza umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwa sentimita 16 hadi mita 2.90, wakaondoa mpango wa nyuma wa saluni, wakaweka ekseli nzima yenye springi nne, mbili kila upande. Ndipo wakaweka safu ya tatu ya viti. Pijo iliyoshinda Safari Rally ya 1975 ilikuwa saluni. Zile zilizosomba abiria kutoka Nairobi kwenda mikoani zilikuwa gari jingine kwa nyuma, hata kama sura ya mbele ilikuwa moja.

Somo lake ni hili: urefu wa buti haukuambii gari linabeba kiasi gani. Buti ni nafasi. Kinachobeba kiko chini yake.

Spesa, na kwa nini nilizitoa

Nakiri kwamba nilianza kwa njia ya mkato. Fundi wangu alitazama mkia, akasema, "Bosi, tupige spesa, itanyanyuka." Ikanyanyuka kweli. Spesa nne, vipande vya kuinua gari juu ya springi, sentimita tatu kila kona, na matuta ya mtaani yakaacha kukwaruza tumbo.

Baada ya miezi kadhaa mpira wa sivijointi upande wa kushoto ukapasuka na kumwaga grisi, kwa sababu shafti za mbele sasa zilifanya kazi kwa pembe kali zaidi. Tairi za mbele zikaanza kulika upande mmoja mpaka tulipofanya alaimenti upya. Taa zikawa zinawapiga machoni wanaokuja. Na gari likipakiwa, mkia ulishuka vilevile.

Sababu ni rahisi. Spesa inaongeza kimo, haiongezi nguvu. Springi ile ile ikipewa kilo zile zile inajikunja sentimita zile zile. Umebadilisha tu mahali inapoanzia. Ni kama kumsimamisha mtoto juu ya kiti na kudai amekua.

Namna ya kujua kama springi zimechoka ama zimezidiwa haihitaji mashine. Pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa tao la bodi juu yake, gari likiwa tupu kwenye sakafu tambarare. Kisha pakia kama unavyosafiri, upime tena. Kabla ya spesa, langu lilitoka sentimita 37 hadi 29. Sentimita nane zilizopotea ndizo springi inazotumia kumeza mashimo. Zikiisha, kila shimo linapiga kwenye raba ya kugongea, na kutoka hapo kwenye bodi.

Tulitoa spesa. Tukaweka springi za nyuma zenye waya mnene kidogo, za gari hilo hilo, pamoja na shokapu mpya jozi, maana za zamani zilikuwa zimeshavuja. Hapa tahadhari inahitajika. Ugumu wa springi hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wa waya: waya wa milimita 11 ukiwa 12, huku kipenyo cha duara na idadi ya mizunguko vikibaki sawa, ugumu unaongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Ndiyo maana springi ya kuokota kwenye rundo, "hii inaingia, bosi", inaweza kukupa gari linaloruka kama mbuzi likiwa tupu. Na springi ngumu hazikuzi breki, tairi wala beringi. Ukiimarisha kiungo kimoja, mzigo unahamia kwa kinachofuata.

Tairi, na mahali pa gunia

Kwa hiyo tukafuata kiungo kinachofuata. Tairi zetu zimeandikwa 195/65R15 91. Hiyo 91 ni daraja la mzigo: kilo 615 kwa kila tairi. Daraja 88 ni kilo 560. Muuzaji atakuambia saizi ni ile ile. Mwambie akusomee namba ya mwisho. Soma pia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Kilo zile 615 zinapatikana tairi ikiwa na upepo kamili tu. Kibandiko kwenye mlango wa dereva huandika kwa kilopaskali. 230 ni karibu 33 za PSI, kipimo cha pale kwa mjaza upepo. Pima asubuhi, tairi zikiwa baridi.

Kisha kuna suala lisilogharimu hata senti: gunia linakaa wapi. Ekseli mbili za Fielder zimeachana mita 2.60. Weka kilo 100 nusu mita nyuma ya ekseli ya nyuma, kule karibu na mlango wa buti, na ekseli hiyo inabeba kilo 119, kwa sababu gunia linakuwa upande mmoja wa pembea na kuunyanyua mwisho wa mbele kwa kilo 19. Gunia lile lile lisogeze hadi nusu mita mbele ya ekseli, na ekseli ya nyuma inapata 81, ya mbele 19. Gunia moja, tofauti ya kilo 38 mgongoni. Stelingi nayo inaacha kuwa nyepesi.

Kizito kikae chini na mbele, chepesi juu na nyuma. Na kifungwe. Stesheni wagoni haina ukuta kati ya mzigo na visogo vya watoto. Ndoo ya kilo 20 ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa ina nguvu ya ndoo iliyoangushwa kutoka mita 25, karibu ghorofa ya nane. Tulinunua kamba za kukaza za upana wa vidole viwili na wavu wa kufunga nyuma ya kiti. Ni vifaa vya bei ndogo kuliko redio, na ndivyo vilivyopaswa kununuliwa kwanza.

Joto

Tukirudi Kitonga: gari lenye kilo 1,684 lina kazi ya asilimia 17 zaidi ya lile la kilo 1,435 kwenye mteremko ule ule, na sehemu kubwa ya kazi hiyo breki huigeuza joto. Oili ya breki ya DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205. Lakini hunyonya unyevu wa hewa, na ikishanyonya, kiwango hicho cha kuchemka huweza kushuka hadi 140. Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabonyea, pedali inazama. Yangu haikuwahi kubadilishwa tangu gari lishuke bandarini; huduma ya wiki moja kabla haikuigusa. Sasa inabadilishwa kila baada ya miaka miwili, na mteremko tunaushuka kwa gia, si kwa mguu: kwenye CVT, ile herufi inayofuata D.

CVT nayo ina joto lake. Mkanda wa chuma unabanwa kati ya puli mbili, na oili ndiyo inayoupa mshiko na kuupoza. Oili ya giaboksi ya kawaida humo ni sumu. Tunabadilisha ile iliyoelekezwa na kitabu, tukipima iliyotoka na kurudisha kiasi kile kile. Rejeta inapewa kulanti, si maji ya bomba yanayoacha kutu na chumvi.

Desemba iliyofuata tulikwenda tena Tukuyu. Siku ya kuondoka magunia yalikuwa yamepangwa barazani. Nikapakia mabegi na mkungu mmoja. Jumla kilo 334, bado 59 juu ya karatasi, lakini futi ilionyesha sentimita 33 na tao halikuguswa. Mchele, viazi na mikungu miwili nikavipeleka stendi kwenye basi la Dar.

Mama mkwe alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Baba Neema, gari lote hili mnaniachia magunia?"

"Mama, gari ni lote. Springi ndizo chache."

Aliguna, akaingia ndani, akatoka na kuku wawili waliofungwa miguu. Kilo nne. Niliwapakia mbele ya ekseli.