Silinda Sita Zimetua Port Victoria

Nimefungua boneti ya Land Cruiser 300 ya petroli kwa mikono yangu miwili! Vidole bado vinanukia oili, na shati jeupe nililovaa kwenda matangani lina alama nyeusi kifuani ambayo mke wangu ameiona kabla sijapata la kusema.

Sikuwa nimetoka nyumbani kutafuta gari. Nilikwenda Port Victoria, huku kwetu Busia mpakani, kuomboleza kama watu wengine, nikaketi chini ya hema, nikapewa chai. Mara bodaboda zikaanza kupisha njia. Likaingia gari jeupe, pana, pua imeinuliwa juu, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya jenereta ya mwenye spika. Watoto wakaacha kuchezea mchanga. Mzee aliyeketi kando yangu akatikisa kichwa na kutamka neno moja tu: "V8."

Hapo ndipo chai iliponipalia. Maana hii siyo V8! Ile ya zamani, Land Cruiser 200, ndiyo iliyotupa jina hilo, na tukalizoea hadi kila gari la mheshimiwa likawa V8, hata kama ndani kuna silinda nne zinazolia njaa. Hii ya 300, iliyozinduliwa Juni 2021, haina hata toleo moja la silinda nane. Toyota walizifuta. Ya dizeli ni sita, ya petroli ni sita, na zile zinazouzwa Japani zote zina tabo mbili. Anayetaka kutofautisha asome kibao chenye namba za muundo kwenye gari lililotoka Japani: VJA300 ni petroli, FJA300 ni dizeli. Nilichungulia kibao kabla ya kumwamkia dereva. VJA! Moyo ukaenda mbio.

Dereva alikuwa kijana mpole, amechoka na safari. "Nifungulie tu boneti, ndugu yangu, dakika mbili," nikamwomba. Akacheka. "Mkubwa, wewe ni wa tatu leo." Dakika mbili zikawa saa nzima, na mazishi yenyewe niliyafuata kwa masikio.

Sasa sikilizeni. Injini inaitwa V35A-FTS. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 3,444, yaani haifiki hata lita tatu na nusu. Silinda ziko tatu upande huu na tatu upande ule, zimepanuka kama mtu aliyefungua viganja vyake kuomba dua. Kila tatu zina tabo yake. Nguvu: farasi 415. Msokoto: niutonimita 650, na hapa ndipo nilipokaribia kupiga kelele msibani, kwa sababu msokoto huo wote unapatikana kuanzia mizunguko 2,000 tu kwa dakika mpaka 3,600. Ile V8 ya lita 4.6 iliyokuwa kwenye 200 za Japani ilitoa farasi 318 na niutonimita 460, tena ilibidi uikanyage kwanza ndipo ikusikie. Silinda mbili zimeondolewa, zaidi ya lita nzima ya ujazo imekatwa, na nguvu imeongezeka kwa farasi karibu mia! Gari lenyewe pia limepunguzwa uzito wa kilo kama mia mbili.

Miujiza hiyo ni ya tabo, na mtu wa mpakani hana haja ya kwenda chuoni kuielewa. Moshi unaotoka kwenye silinda, badala ya kutupwa bure kwenye ekzosi, unapitishwa kwenye gurudumu dogo lenye mapezi. Gurudumu linazunguka, tena kwa kasi ya zaidi ya mizunguko laki moja kwa dakika, na upande wa pili wa mhimili wake kuna gurudumu lingine linalovuta hewa na kuishindilia ndani ya injini. Hewa nyingi, petroli nyingi, moto mkubwa. Wenzetu wa Malaba wanasikia kazi hiyo kila usiku, malori yakipanga foleni kwenda Uganda. Actros nyingi za zamani zinazopita pale zina V6 ya dizeli ya karibu lita 12, na ule mluzi unaosikika lori likiondoka ni tabo. Kwa hiyo silinda sita zenye tabo si ngeni kwetu hata kidogo. Kipya ni kuzikuta kwenye petroli, zimenyamaza namna hii, katika gari ambalo wenye toleo la Japani huliwasha kwa alama ya kidole! (Ndiyo, kidole. Ukilima mpunga Bunyala mpaka alama zikafutika, sijui utaliwasha vipi.)

Kisha dereva akasema maneno ambayo sitayasahau: "Twende mpaka Sigiri turudi?"

Nilikaa usukani. Yeye akakaa kando, mkono kwenye mshikio wa mlango, macho kwenye mguu wangu wa kulia. Barabara ya kwetu mnaijua: kipande kizuri, halafu ng'ombe, halafu matuta yaliyowekwa na watu wenye hasira. Nikagusa mafuta kidogo sana. Gari la karibu tani mbili na nusu likasogea kama mtumbwi ulioachiliwa na wimbi. Gia ziko kumi, zinabadilika zenyewe, na sikuhisi hata moja ikiingia. Toyota wanasema petroli hii inafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 6.7. Mimi sikufika huko, namuogopa Mungu na nawaogopa mbuzi wa Budalang'i, lakini kutoka ishirini hadi sitini nilisukumwa kwenye kiti hadi nikatoa sauti ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kuitoa. Dereva akasema polepole, "Ndiyo, huwa wote wanafanya hivyo."

Tukavuka daraja la Sigiri, lile lililoporomoka Juni 2017 likiwa bado linajengwa, na chini yetu Nzoia imejaa, rangi ya chai ya maziwa. Nikauliza juu ya maji, maana huku gari lisilojua maji ni pambo. Kitabu kinaruhusu kuvuka kina cha milimita 700, yaani maji ya kufika pajani. Ni mengi! Lakini msidanganyike. Tabo ni mdomo unaovuta hewa kwa pupa, na ukiuzamisha utavuta maji kwa pupa ileile. Maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikikutana nayo, kinachopinda ni mkono wa pistoni, na baada ya hapo unanunua injini. Waliokuwepo mwaka 2020 ziwa lilipopanda wanajua kwamba maji ya Budalang'i hayana alama ya kuonyesha kina.

Nikaegesha ng'ambo, tukafungua boneti tena (kisingizio tu), tukaanza kuongea kama mafundi. Kwa sababu mapenzi yangu hayajanifumba macho: injini hii ina doa, na doa hilo si dogo.

Mwisho wa Mei 2024 Toyota walitangaza Marekani kuyarudisha magari yapatayo 102,000, Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023, yote yenye V35A. Chanzo chake kingemfanya fundi yeyote wa jua kali pale Busia ashike kichwa: vipande vya chuma vilivyobaki ndani ya injini wakati wa kuchongwa kiwandani. Vipande hivyo vinasafiri na oili hadi kwenye beringi kubwa zinazobeba krenki. Beringi inalika, injini inaanza kugonga, inakosa nguvu, mwishowe inazima barabarani au inakataa kuwaka. Matoleo ya haibridi hayakuwekwa kwenye orodha hiyo, kwa kuwa mota ya umeme inaweza kulisogeza gari hata injini ikizima. Dawa yenyewe haikuwa kubadilisha beringi. Waliamua kuweka injini nzima mpya. Baadaye orodha ikaongezwa magari mengine.

Jamani! Kampuni iliyotufundisha kwamba injini hufa baada ya mwenyewe kufa! Naungama niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilijisikia kama nimesikia shemasi amekutwa na chang'aa. Magari yaliyotajwa pale ni Tundra na Lexus, si 300, lakini moyo ni wa jina lilelile, na mtu anayenunua 300 ya petroli iliyotumika kutoka Japani asione haya kusikiliza. Iwasheni ikiwa imepoa kabisa, asubuhi, kabla muuzaji hajaipasha moto. Mlio mzito wa kugonga kutoka tumboni mwa injini, "ko, ko, ko", unaofuata mguu wako kwenye mafuta, ni sababu ya kurudi nyumbani. Oili ikimwagwa, itazameni juani kwenye beseni safi. Ikimetameta kama mafuta ya kupaka ya bi harusi, hiyo ni beringi inaaga dunia.

Na oili ndiyo ugomvi wetu mkubwa huku. Injini hii imeundiwa 0W-20, nyepesi kama maji. Mpe gari fundi wa kawaida naye ataishika ile oili kati ya vidole, atakunja uso, na kukuambia, "Hii ni maji, mzee. Acha niweke 20W-50, nchi ina joto." Ana nia njema. Lakini njia za oili humu ni nyembamba, mhimili wa tabo unaelea juu ya utando wa oili peke yake, na oili nzito inachelewa kufika asubuhi. Tabo haina subira. Sekunde chache za ukavu kila siku, miezi kadhaa, halafu unaona moshi wa buluu na kuanza kumtafuta mchawi.

Petroli nayo. Mpakani tuna historia ndefu ya mitungi na chupa, na sitamtaja mtu. Pikipiki ya silinda moja itakusamehe ukiipa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Hii haitakusamehe: hewa imeshashindiliwa, joto liko juu, na mafuta mabovu yatawaka kabla ya wakati wake na kuipiga pistoni nyundo. Sifa moja niwape wahandisi: kila silinda ina nozeli mbili, moja inanyunyiza ndani ya silinda na nyingine kwenye mlango wa hewa, hivyo vali zinaoshwa na petroli na hazipati masizi kama injini nyingi za siku hizi zinazonyunyiza ndani tu. Vumbi la murram ni shauri la filta, na filta ni shauri la mwenye gari. Kuhusu unywaji, Wajapani wanaipima kilomita 7.9 kwa lita. Kwa mguu wangu wa jana sidhani ilifika tano, nami sikununua hata tone.

Tulirudi matangani watu wakila. Dereva hakuzima injini hapohapo. Aliiacha ikinguruma taratibu kwa dakika moja hivi, ili oili iendelee kuzunguka na kuipoza tabo, oili isije ikaungulia mhimilini. Sikumwambia, alijua mwenyewe, na hapo nikampenda zaidi kuliko gari.

Watoto walikuwa wametuzunguka. Mmoja, wa miaka kama tisa, akanivuta mkono wa shati.

"Mwalimu, hii ni V8?"

"Hapana, mwanangu. Ni V6."

Akalitazama gari lote, kutoka taa za mbele hadi gurudumu la nyuma, kwa huruma kubwa.

"Na hizo mbili zingine ziliibwa?"