Vichochoro vya Kowloon

Katika sanaa ambazo wengi huzitazama kwa jicho la dharau, kwa kuwa maudhui yake ni wizi na damu, imo ile ya waongozaji sinema wa Hong Kong waliotoka studioni wakaingia na kamera zao masokoni na katika ngazi za majumba ya mafukara. Nami siioni duni hata chembe mbele ya kazi ya sonara.

Kuei Chih-hung alikwisha kuonyesha njia mwaka 1974 kwa The Teahouse, ingawa waajiri wake, Shaw Brothers, walizoea kuijenga Uchina ya kale kwa mbao na rangi. Lakini aliyeifikisha sanaa hiyo upeo wake, kwa rai yangu, ni Johnny Mak, katika Long Arm of the Law ya mwaka 1984. Kisa chenyewe ni chepesi: watu wa Uchina bara wanavuka mpaka kwa magendo ili wapore duka la vito, kisha warejee kwao na ukwasi. Mak aliwachagua waigizaji wasio na jina, ambao hadhira haikuwa na mazoea nao, hata mtazamaji asiweze kubashiri nani atasalimika. Hasalimiki yeyote. Mwishowe wanakimbilia Mji wa Ngome wa Kowloon, mahali pasipotimia hekta 3 palipokuwa maskani ya watu zaidi ya 30,000, na humo, katika vichochoro ambamo mabega ya mtu hukwaruza kuta zote mbili na jua halifiki chini, askari na majambazi wanawindana, mpaka yule niliyemwita mhalifu nikajikuta namwombea tundu la kutokea.

Ringo Lam naye, katika City on Fire ya mwaka 1987, alimchukua Chow Yun-fat, kipenzi cha watu, akamfanya askari kanzu anayesononeka kwa kumsaliti jambazi aliyemwamini.

Lam alifariki mwaka 2018. Mji wa Ngome ulibomolewa mwaka 1993 na 1994, na leo ni bustani. Mafundi waliujenga upya kwa ajili ya sinema ya Soi Cheang iliyotoka mwaka 2024, kwa bidii inayostahili heshima. Lakini wapi watampata yule mama aliyekuwa akipita na kapu lake la mboga, asijue kwamba anapigwa picha, wala asijali?