Jina Huja Baadaye

Wanaoona taabu kuanza mazungumzo na mtu wasiyemjua huhangaika kutafuta la kusema. Kinachowaangusha mara nyingi ni mpangilio. Tuuchambue kwa abiria wawili waliokaa mbele yangu katika basi la Dar es Salaam kwenda Songea: kijana, na mama mwenye kikapu mapajani.

Walikuwa kimya hadi tulipoipita Chalinze, kikapu kikaanza kuteleza.

"Shikamoo mama. Nikuwekee huku juu?"

"Marahaba mwanangu. Acha tu, yatapondeka maembe yangu."

Shikamoo ilimpa mama heshima yake, tena jibu lake lilikuwa tayari mdomoni; hakulazimika kufikiri. Kisha kijana akazungumzia kitu ambacho wote wawili walikuwa wanakiona. Angeanza na "unaitwa nani?" kwa mtu wa rika la mama yake, angesikika kama askari anayehoji.

Akanyamaza kidogo. Ndipo akasema, "Mimi naenda mpaka mwisho, Songea. Mama unashukia wapi?"

"Mafinga."

Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Alitoa habari zake kabla ya kuomba za mwenzake. Mwanamke anayesafiri peke yake ana kila sababu ya kujihadhari na matapeli, na anayeuliza tu bila kujieleza humtia wasiwasi. Kijana hakuuliza kabila pia. Alitaja kwao, akamwachia mama achukue anachotaka.

Mama akachukua. "Songea? Mngoni wewe?"

"Mngoni kabisa."

"Haya! Mimi Mhehe, nimekaa na mtani. Maembe yangu leo hayafiki!"

Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na uhasama ule ukaja kugeuka utani. Mtani hutaniwa hata siku ya kwanza kuonana naye, na kwenye msiba ana nafasi yake ya kufanya vituko na kusaidia kazi. Kwa hiyo kijana alijikuta ndani ya uhusiano uliojengwa na mababu. Hata hivyo alisubiri mkubwa aanze. Jibu lake nalo lilikuwa la kiasi: "Songea maembe tunayo, mama. Nitakuonea huruma, nikuachie mawili." Aligusa kikapu, hakugusa umbo la mama wala mume wake. Utani na mtu mliyekutana leo uishie kwenye vitu.

Majina yalitajwa tukiwa tunapanda Kitonga. Kijana alitaja la kwake. Mama akajitambulisha kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Fulani, na kwa hivyo akamwonyesha kijana namna ya kumwita.

Kwenye simu mpangilio huu haufai: hakuna anayemwona mwenzake, basi jina lifuate salamu papo hapo, na shida yako baada yake. Ofisini vilevile, kwa sababu foleni inasubiri.

Lakini safarini, kwenye baraza au arusini, kile kimya kifupi baada ya habari ya kikapu kina kazi kubwa. Ndicho kinachompa mwenzako nafasi ya kukubali au kukataa. Mama angejibu "Mafinga" kisha akageukia dirishani, hilo lingekuwa jibu kamili. Ukiliona, mwache mtu apumzike.