Bolti Iliyokatikia Ndani

Bolti iliyoshikwa na kutu hutoa taarifa kabla ya kukatika. Spana iliyokuwa ngumu hulainika ghafla, inazunguka bila bolti kupanda, na kiganja kinahisi chuma kikivutika. Fundi aliyekomaa huachia hapo hapo. Mwenye haraka hufurahi akidhani imekubali, huchomeka bomba kwenye mkono wa spana apate nguvu zaidi, na mara kichwa cha bolti kinabaki ndani ya soketi, mwili wake ndani ya injini. Hapo inaanza kazi nyingine kabisa, na kwangu hakuna kazi ya gereji inayopendeza kuitazama kuliko hiyo.

Barabara ya Voi kwenda Taveta ina kazi hizo tele. Magari mengi yanayopita Mwatate, Maktau na Mbuyuni yaliingia nchini yakiwa yameshatumika, hasa kutoka Japani, na Kenya huruhusu gari la kuagizwa lisilozidi miaka minane. Miaka minane inatosha. Katika sehemu za baridi za Japani chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji, nayo hujikusanya chini ya gari. Kisha gari linashushwa Mombasa, ambako upepo wa bahari huongeza ya kwake. Likifika kwenye nyika kavu ya Salaita, kutu imeshaweka makazi. Pampu za dizeli za mashamba yaliyo kandokando ya mto Lumi nazo zina kutu ya kwao, ya kulowa na kukauka kila siku.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara mbili na zaidi. Ndani ya thredi hakuna pa kupanukia, kwa hiyo inajibana na kuikaba bolti pande zote. Bolti za manifoldi ya ekzosi ndizo sugu zaidi, kwa sababu huungua na kupoa kila safari. Silinda hedi ikiwa ya alumini, unyevu ukiingia kati yake na chuma cha bolti, alumini huliwa, na bolti hushikwa na unga mweupe mgumu ambao mafuta huupenya kwa shida.

Fundi niliyemtazama karibu na Salaita alikuwa ameletwa kwa bodaboda kutoka Taveta. Lori dogo lilikuwa limeegeshwa uani kwa watu, bolti moja ya manifoldi imekatika sawasawa na uso wa hedi, hakuna hata ncha ya kushika. Kijana wake alikuwa na nyundo tayari.

"Mzee, nigonge?"

"Acha kwanza, mwanangu. Wacha inywe."

Alikuwa ameimwagia mafuta mepesi, akaketi kivulini. Kila baada ya muda aliinuka, akaweka panchi juu ya kisiki cha bolti na kugonga kidogo, mtikisiko uyafungulie mafuta njia. Aligonga akiwa ameinamisha sikio. Mlio ulipobadilika, akaomba jenereta iwashwe.

Aliweka nati juu ya kisiki, akachomelea ndani ya tundu lake mpaka nati na bolti vikawa kitu kimoja. Njia hii ina akili mbili ndani yake. Chuma cha kuchomelea hakiishiki alumini, kwa hiyo hedi inabaki salama mkono ukiwa mwangalifu. Tena moto unaiingia bolti yenyewe: inataka kutanuka, inazuiwa na tundu, kisha ikipoa inasinyaa, na kutu iliyoikaba inapasuka. Anayekimbilia spana nati ingali nyekundu anaikata upya, kwa maana chuma chenye moto ni laini. Nusu ya kazi hii ni kukaa.

Wakati tukingoja, kilima cha Salaita kilikuwa mbele yetu. Tarehe 12 Februari 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Waingereza, likiwa na askari wengi wa Afrika Kusini, lilikivamia kikiwa mikononi mwa Wajerumani, likarudishwa nyuma kwa hasara. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza alikizunguka kwa kupitia upande wa ziwa Chala, nao Wajerumani wakakiacha wenyewe. Sina haja ya kusema ni ipi kati ya njia hizo mbili fundi wetu angeielewa zaidi.

Nati ilipopoa kiasi, ingali na joto, akaigusisha mshumaa, nta ikayeyuka na kunyonywa kwenye thredi. Hakufungua. Alikaza kwanza, kiasi cha unywele, kisha akafungua, akakaza tena. Kila mara bolti ilirudi nyuma zaidi ya ilivyokwenda mbele. Unga wa kahawia ukaanza kumwagika.

Ingegoma, angetoboa. Hapo kosa dogo ni kubwa: bolti ya milimita 8 yenye thredi ya kawaida huingia kwenye tundu lililotobolewa kwa milimita 6.8, maana yake upande mmoja una kama milimita 0.6 tu za thredi. Panchi ikikosa katikati, drili inakula hedi. Huanzwa na biti nyembamba, hupanuliwa kidogo kidogo mpaka ukuta wa bolti uwe mwembamba, na mabaki huchomolewa kwa ncha kama uzi wa fulana kuukuu. Zipo pia skrubu za kung'olea za kuzungusha kinyume, lakini ni za chuma kigumu mno. Moja ikikatikia ndani, drili ya kawaida haiigusi. Yeye hazipendi, na nadhani ana haki.

Ujuzi wa chuma una historia hapa karibu. Ng'ambo ya ziwa Jipe ni milima ya Upare wa kaskazini. Masimulizi ya Ugweno yanasema Washana, ukoo wa wahunzi, ndio waliotawala huko kabla ya Wasuya kuwapindua. Katika ukanda huu kujua chuma kuliwahi kuwa sababu ya kushika enzi. Leo, upande wa Kenya, kuna mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kutoka daraja la tatu hadi la kwanza, na ni vizuri ipo. Lakini ningependa mtahini mmoja akae uani pale, aone muda ambao fundi huyu hakufanya lolote, na ajue namna ya kuupa alama.

Bolti ilipotoka alipitisha tapi kusafisha thredi, akirudisha nyuma kila baada ya robo mzunguko, akapuliza, akapaka grisi ya shaba. Bolti mpya aliingiza kwa vidole mpaka mwisho, ndipo akaomba spana. Mwenye lori akafurahi, akataka kuondoka. Fundi akamwonyesha bolti tatu zilizobaki, kutu ni ileile, akazimwagia mafuta na kumwambia alirudishe asubuhi.