Kipimo Kimoja Hakitoshi Kumpa Bakteria Jina

Mchungwa wenye ugonjwa wa huanglongbing hujulikana kwa jani. Manjano hutapakaa kwa mabaka yasiyofanana pande mbili za mshipa wa kati, ilhali upungufu wa zinki huacha alama zinazolingana kulia na kushoto. Tunda hupinda, mbegu hunyauka, na kitako hubaki kijani. Ila jani haliwezi kusema ni bakteria yupi aliyeingia kwenye mirija ya chakula ya mti. Bakteria hao wa jenasi ya Liberibacter ni wagumu mno kuoteshwa peke yao maabara, ndiyo maana majina yao hutanguliwa na neno Candidatus. Utambuzi basi hutegemea vinasaba, na hoja yangu ni kwamba kipimo kinachosaka kijipande kimoja cha vinasaba hakitoshi kutaja spishi, hata kiwe kikali namna gani.

Mwaka 2004 dalili hizo zilipoonekana São Paulo, Brazil, vipimo vya aina mbili zilizojulikana, ya Asia na ya Afrika, vilikana sampuli nyingi. Watafiti waliuamini mti kuliko kipimo. Walitumia praima za jumla zinazonasa jeni ya 16S ya bakteria yeyote, wakalinganisha miti migonjwa na mizima, kisha wakasoma herufi kwa herufi kile kilichojitokeza kwenye migonjwa pekee. Akapatikana bakteria mpya, Candidatus Liberibacter americanus. Afrika Mashariki kosa lilikuja kinyume, na naliona la hatari zaidi, kwa kuwa jibu la hapana humsukuma mtafiti aendelee kutafuta, lakini la ndiyo humtuliza. Kipimo cha PCR cha aina ya Asia kiliitikia sampuli za ukanda huu, na aina hiyo ikaripotiwa Uganda. Sampuli za Uganda, Kenya na Tanzania ziliposomwa jeni kadhaa, katika utafiti uliochapishwa 2017, ilibainika ni nususpishi ya Kiafrika, clausenae, iliyokuwa imeelezwa Afrika Kusini kutoka Clausena anisata, mti wa asili wa ukoo mmoja na mchungwa. Kijipande kilichosakwa kinafanana mno kwa ndugu hao wawili.

Wapo watakaosema mkulima atang'oa mti vyovyote vile, jina la nini? Lina kazi kubwa. Aina ya Afrika hudhoofishwa na joto, hivyo hustawi nyanda za juu zenye baridi. Ya Asia huvumilia joto, na mdudu anayeieneza, Diaphorina citri, ameshaonekana Tanzania. Ukiiandika nchini kabla haijafika, siku itakapofika kweli hakuna atakayeshtuka, maana imo tayari kwenye orodha. Kuhusu gharama, si lazima kusoma jeni za kila jani. Ripoti ya kwanza ya nchi ndiyo isiyopaswa kupita bila hilo. Pingamizi zito ni la kanuni za Robert Koch: bakteria asiyeoteshwa hawezi kurudishwa peke yake kwenye mti mzima kuthibitisha kwamba ndiye chanzo. Ni kweli, na hapa ushahidi unabaki wa kukusanya: ugonjwa huhamia kwa kikonyo cha kubebesha, bakteria huonekana kwa hadubini ya elektroni, dalili hupungua mti ukipewa penisilini. Udhaifu huo unaongeza deni la kusoma jeni zaidi ya moja, na ndivyo ilivyofanyika aina ya Asia iliporipotiwa Kenya mwaka 2020.