Senti ya 1955: kosa lililotangulia sarafu

Wengi hudhani senti mashuhuri ya Marekani ya mwaka 1955, ile yenye maandishi pacha, iligongwa mara mbili. Sivyo. Mashine iliigonga mara moja tu kama senti nyingine yoyote. Kilichoharibika ni muhuri wa chuma ulioigonga, na asiyeijua tofauti hiyo atajaza mikebe sarafu zenye thamani ya senti moja moja.

Kiwanda cha sarafu cha Philadelphia hakikuwa kikichonga kila muhuri herufi kwa herufi. Kilikuwa na muhuri mama, wenye sura ya Lincoln na maneno yaliyotokeza vilevile kama kwenye sarafu. Huo uligandamizwa kwenye kipande cha chuma cha pua, picha ikazama humo kinyumenyume. Mgandamizo mmoja haukutosha: chuma kikigandamizwa hukakamaa, hivyo kilirudishwa tanuruni kikalainishwa, kisha kikagandamizwa tena. Safari ya pili alama zilipaswa kuketi pale pale pa kwanza. Muhuri mmoja ulirudi ukiwa umezunguka kidogo. Ndiyo maana tarehe na maneno LIBERTY na IN GOD WE TRUST, yaliyo mbali na kitovu, yameachana waziwazi hata bila lenzi, ilhali uso wa Lincoln, ulio katikati, karibu haukusogea.

Usiku muhuri huo ulipofungwa mashineni, mashine kadhaa zilikuwa zikimwaga senti mahali pamoja. Kosa lilipoonekana, takriban senti 24,000 mbovu zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na nzima zilizokadiriwa kufikia milioni 10. Kuyeyusha shehena yote ingekuwa hasara, kiwanda kikaziachia. Kisha zikaingia, kwa njia ninayoipenda kuliko yote, kwenye mashine za kuuzia sigara. Pakiti ilikuwa senti 23, mnunuzi akitumbukiza sarafu ya senti 25, na chenji yake ya senti 2 alikuta imekwisha kufungiwa ndani ya nailoni ya pakiti. Wavutaji wa New York na Massachusetts walizipata hivyo, bila kuzitafuta.

Anayepekua chenji leo hukutana zaidi na pacha wa uongo. Muhuri uliolegea mashineni huteleza wakati wa kugonga na kusukuma kingo za herufi: huacha kidaraja bapa, na herufi yenyewe hubaki nyembamba kuliko kawaida. Muhuri wenye picha mbili hufanya kinyume chake. Herufi ya pili ina unene wake kamili, ncha zimepasuka, na zote mbili kwa pamoja ni pana zaidi. Zipo pia senti za 1955 ambazo 5 ya mwisho pekee ina kivuli. Huo ni uchakavu wa muhuri, hata muuzaji azipambe kwa jina gani.

Kwa kuwa hata senti halisi ya maandishi pacha iliyosuguka huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000, wenye kughushi hawajalala. Hapo usihangaike na tarehe, ndiyo wanayoiiga kwanza. Igeuze sarafu, uiangalie T ya neno CENT kwa lenzi. Kushoto kwa mguu wake senti halisi ina mikwaruzo hafifu iliyokuwa kwenye muhuri wa upande huo. Mkwaruzo wa muhuri hutokeza juu ya sarafu. Uliochorwa kwa sindano huzama.